Nyaraka za Sudan Kusini: Katiba inaagiza, Hazina haitoi

Mwishoni mwa Julai 2025 askari wa Uganda na wa Sudan Kusini walifyatuliana risasi upande wa Kajo-Keji, Equatoria ya Kati, na wengine wakapoteza maisha. Nchi hizi mbili si maadui. Jeshi la Uganda limeisaidia serikali ya Juba tangu vita vilipozuka Desemba 2013, na miezi michache tu kabla ya tukio hilo Kampala ilikuwa imepeleka kikosi kingine Juba. Kilichowagombanisha ni swali la mpaka unapita wapi. Mpaka wenyewe uliwekwa mwaka 1914 na Waingereza, waliokuwa na mamlaka pande zote mbili na ambao hawakuona sababu ya kuweka vigingi kila kilima.

Pande zote ziliahidi uchunguzi. Uchunguzi wa aina hii, hata ukianza na majenerali, huishia kwenye karatasi: ramani ya zamani, barua ya mkuu wa wilaya, kumbukumbu za kikao cha machifu kuhusu malisho na kodi. Uganda ikizitaka karatasi zake ina kituo cha nyaraka Wandegeya, Kampala, kilichojengwa kwa kazi hiyo, na ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2001 inayosema nani anatunza nini. Karatasi za Sudan Kusini zimepita kwenye maghala, kisha hemani, kisha nyumba ya kupanga, na kwa sehemu kubwa zimeokolewa kwa fedha za wafadhili.

Hapo ndipo suala la fedha za makumbusho, maktaba na nyaraka linapoacha kuwa la wapenda vitabu peke yao. Juba hakuna amri iliyotolewa kufuta taasisi hizi, wala waziri aliyesimama bungeni kutangaza kwamba fungu lao limefyekwa. Kinachotokea ni kimya zaidi: fedha zinatajwa kwenye bajeti, au hazitajwi, na hata zikitajwa hazitoki. Je, sheria ya nchi hiyo, au ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo Sudan Kusini iliingia mwaka 2016, inamruhusu mtu yeyote kuhoji kimya hicho?

Safari ya majalada

Nyaraka zenyewe zina historia inayofaa kusimuliwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini suala hili ni la kisheria.

Baada ya Mkataba wa Addis Ababa wa 1972, Kusini mwa Sudan ilipata serikali yake ya mkoa yenye makao Juba. Serikali hiyo iliamua kukusanya majalada ya utawala yaliyokuwa yametawanyika katika makao makuu ya mikoa na wilaya. Mwanahistoria Douglas Johnson, ambaye baadaye angeandika sana kuhusu chimbuko la vita vya Sudan, alifanya kazi hiyo Juba mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa mtumishi wa wizara ya utamaduni ya mkoa. Majalada yakaletwa kutoka Equatoria, Upper Nile na Bahr el Ghazal. Ndani yake mlikuwa na taarifa za wakuu wa wilaya, mashauri ya mahakama za machifu, makubaliano ya malisho kati ya makabila, viwango vya fidia ya ng'ombe, mipaka ya maeneo ya machifu, orodha za kodi na barua kuhusu shule za misheni.

Mei 1983 vita vikarudi. Kwa zaidi ya miaka 20 Juba ilikuwa mji wa kambi ya jeshi la Khartoum uliozungukwa na waasi, na majalada yakakaa kwenye maghala, yakitafunwa na mchwa. Amani ya 2005 ilipokuja yakahamishiwa hemani. Hema katika joto na mvua za Juba si mahali pa kuweka hata mahindi, sembuse karatasi za mwaka 1910. Kisha, kwa ushirikiano wa wizara ya utamaduni na Taasisi ya Rift Valley, na kwa fedha zilizotoka hasa Norway, majalada yakatolewa hemani, yakapelekwa kwenye nyumba ya kupanga, yakasafishwa, yakaorodheshwa na kuanza kupigwa picha za kidijitali. Wafanyakazi wa Sudan Kusini waliofanya kazi hiyo, wengi wao vijana, walijifunza kazi wakiwa kazini.

Norway iliahidi pia jengo la kudumu la nyaraka kama zawadi ya uhuru wa 2011. Desemba 2013 risasi zikalia Juba, na mradi ukasimama.

Katika simulizi hii yote, mahali pa kutafuta fedha za serikali ya Sudan Kusini ni padogo. Mtaalamu, sanduku la kuhifadhia, mashine ya kupiga picha, kodi ya nyumba: kila hatua ilimhitaji mfadhili. Tangu 2020 serikali ina wizara kamili yenye maneno Utamaduni, Makumbusho na Urithi wa Taifa katika jina lake, wakati makumbusho ya taifa yenyewe bado ni mpango. Kwa upande wa maktaba hali haina tofauti kubwa. Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa 1975, kilihamishiwa Khartoum wakati wa vita na kurudi baadaye, na vitabu vikasafiri nacho kwenda na kurudi. Maktaba ya umma iliyofunguliwa Juba mwaka 2019 ilianzishwa na asasi ya raia kwa vitabu vya msaada.

Mfumo unaotegemea wafadhili una shida moja ambayo wanasheria huiona haraka kuliko wahasibu. Mfadhili akisitisha msaada, hajavunja sheria ya nchi. Na serikali ambayo haikutoa fedha tangu mwanzo inaweza kusema haijakata chochote. Mlalamikaji anabaki bila uamuzi wa kuupinga.

Majimbo 21 na rais mmoja

Tofauti inaonekana vizuri ukitazama kesi iliyovuma zaidi ya aina hii katika miaka ya karibuni. Machi 2025 Rais wa Marekani, Donald Trump, alitoa amri ya kupunguza hadi kiwango cha chini kabisa shughuli za taasisi ya serikali kuu inayogawa fedha kwa makumbusho na maktaba, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996. Majimbo 21 yalikwenda mahakama ya shirikisho katika jimbo la Rhode Island. Mei jaji alizuia utekelezaji wa amri hiyo, na Novemba mwaka huohuo akayapa majimbo ushindi.

Hoja ya majimbo haikuwa kwamba vitabu ni vizuri. Ilikuwa kwamba Bunge limeiunda taasisi kwa sheria na kuitengea fedha kwa sheria, kwa hiyo rais hana mamlaka ya kuifuta kwa kalamu yake. Palikuwa na vitu vitatu mkononi: sheria mahususi, fungu lililopitishwa, na amri yenye tarehe na sahihi. Ondoa kimoja na kesi inayumba.

Juba vitu hivyo havipatikani kirahisi. Mwaka wa fedha wa Sudan Kusini huanza Julai 1, lakini bajeti imezoea kupitishwa miezi kadhaa baadaye. Zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya serikali hutoka kwenye mafuta, na mafuta hayo lazima yapite kwenye bomba hadi Port Sudan, ndani ya nchi nyingine iliyo vitani. Februari 2024 bomba moja kuu lilipopasuka na kushindwa kutengenezwa kwa muda mrefu, watumishi wa umma, wakiwamo walimu na askari, walikaa miezi mingi bila mishahara. Katika mazingira hayo, ofisa wa Hazina anayeulizwa kuhusu fedha za nyaraka ana jibu tayari, na si jibu la kudharauliwa: mwalimu hajalipwa, hospitali haina dawa, nawe unaniuliza kuhusu barua za Waingereza?

Jibu hilo lina tundu. Septemba 2025 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Binadamu nchini Sudan Kusini ilitoa ripoti iliyodai kwamba tatizo kubwa la nchi hiyo ni uporaji wa mapato ya umma na watawala, na kwamba huduma za msingi hazipati hata zile fedha zilizopitishwa kwa ajili yake. Serikali iliikataa ripoti hiyo. Hata mtu akiamua kutoamini upande wowote, bado fungu la kutunza majalada katika jengo moja kavu ni dogo mno kuwa ndilo linalomnyima mwalimu mshahara.

Ibara ya 38 na ibara ya 44

Sasa sheria yenyewe. Katiba ya Mpito ya 2011, iliyoanza kutumika siku ya uhuru, inasema katika ibara ya 38 kwamba ngazi zote za serikali zitalinda urithi wa utamaduni, kumbukumbu na maeneo yenye umuhimu wa kihistoria au kidini dhidi ya uharibifu, kunajisiwa, kuondolewa isivyo halali na kusafirishwa nje kinyume cha sheria. Lugha ni ya kuamuru. Anayesoma ibara hiyo peke yake angedhani kesi imekwisha.

Lakini ibara ya 38 imo katika sehemu ya malengo na miongozo ya taifa, na sehemu hiyo inafungwa na ibara ya 44. Ibara hii inasema masharti ya sehemu hiyo peke yake hayawezi kutekelezwa kwa amri ya mahakama, ingawa ni msingi wa utawala na dola itaongozwa nayo katika kutunga sera na sheria. Wasomaji wa Tanzania wanaujua mtindo huu kutoka sehemu ya malengo muhimu ya Katiba yao ya 1977. Ni ahadi ambayo mwenye kuitoa amejihakikishia kwamba hatashtakiwa akiivunja.

Hata hivyo ibara ya 44 inaanza na maneno ambayo ni rahisi kuyapita haraka: isipokuwa Katiba yenyewe ielekeze vinginevyo, au sheria iliyotungwa ihakikishe haki hiyo. Maana yake ni kwamba Bunge likitunga sheria ya nyaraka au ya makumbusho yenye wajibu ulio wazi, mlango ulioufungwa na ibara ya 44 unafunguka. Wajibu unatoka kwenye orodha ya matamanio na kuwa haki ambayo raia anaweza kuisimamia mahakamani.

Kwa hiyo hitaji la sheria mahususi ya nyaraka, ambalo wadau wa urithi wa Sudan Kusini wamekuwa wakilitaja tangu miaka ya kwanza ya uhuru, si urasimu. Kenya ina Sheria ya Nyaraka za Umma tangu 1965, na nyaraka zake zimo katika jengo la zamani la benki katikati ya Nairobi, ambako mtu yeyote anaweza kuingia kutoka mtaani. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002. Sheria hizi hazijazuia majirani kubana bajeti. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 ilipozipa kaunti jukumu la maktaba, mvutano kuhusu nani alipe wafanyakazi na nani amiliki majengo uliendelea kwa miaka. Lakini mvutano wenye sheria nyuma yake una pa kupelekwa.

Njia ya pili ndani ya Juba ni fupi zaidi, na pengine ina nguvu kuliko inavyodhaniwa. Ibara ya 32 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata taarifa na kumbukumbu rasmi zilizo mikononi mwa ngazi yoyote ya serikali, isipokuwa pale ambapo kuzitoa kunaweza kudhuru usalama wa umma au faragha ya mtu mwingine. Ibara hii haimo katika sehemu ya malengo. Imo katika Hati ya Haki, ambayo mahakama zinapaswa kuilinda. Tena Bunge liliipa mwili kwa Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2013.

Hoja inajengeka hivi. Mtu akiomba jalada la mwaka 1954 kuhusu mpaka wa kijiji chake, na jalada hilo limeoza kwa sababu paa linavuja na hakuna fedha za kuliziba, je, haki yake imekiukwa? Haki ya kupata kumbukumbu isiyo na wajibu wa kuzitunza ni haki ya kupata majivu. Haijulikani jaji wa Juba angeipokeaje hoja hii, lakini ni bora kuliko kwenda mahakamani na ibara ya 38 peke yake na kurudishwa mlangoni na ibara ya 44.

Uwezo wa mahakama nao ni sehemu ya picha. Mwaka 2017 majaji wa Sudan Kusini wenyewe waligoma kwa sababu ya mishahara na hali mbaya ya kazi, na Rais Salva Kiir akawaachisha kazi baadhi yao kwa amri. Mwananchi wa kawaida anayepanga kuishtaki Wizara ya Fedha kwa ajili ya majalada anajua hilo.

Nani anaumia

Kabla ya kwenda Arusha ni vizuri kusema wazi ni nani anayepoteza jalada likioza, maana neno urithi linaweza kumfanya msomaji afikirie ngoma na mikuki.

Wa kwanza ni mkimbizi anayerudi. Sheria ya Ardhi ya 2009 inatambua haki ya kurudishiwa ardhi kwa waliopoteza ardhi yao kutokana na vita vilivyoanza Mei 16, 1983. Mamia ya maelfu wamekaa Bidibidi na kambi nyingine za kaskazini mwa Uganda, wengine Kakuma nchini Kenya. Anayerudi na kukuta nyumba ya mtu mwingine kwenye kiwanja cha baba yake anahitaji ushahidi. Mashahidi wazee wanakufa. Orodha za kodi na mashauri ya mahakama za machifu zinabaki, kama zimetunzwa.

Wa pili ni jamii nzima inayogombania mpaka wa kaunti. Oktoba 2015 Rais Kiir aligawa majimbo 10 kuwa 28, na Januari 2017 yakawa 32. Kila mstari mpya uligusa ardhi ya mtu. Mkataba wa amani wa Septemba 2018 ulikabidhi sehemu ya ugomvi huo kwa kamati ya kitaalamu iliyotakiwa kubainisha maeneo ya makabila kama yalivyokuwa Januari 1, 1956, siku Sudan ilipopata uhuru. Februari 2020 nchi ikarudi kwenye majimbo 10 na maeneo matatu ya utawala. Ni ajabu kidogo: mkataba wa amani wa karne hii uliiweka amani ya nchi juu ya karatasi za 1956, lakini kuzitunza karatasi hizo kukabaki kazi ya wahisani.

Tarehe hiyohiyo ndiyo inayotumika kwa mpaka na Sudan. Kuhusu Abyei, tume ya mipaka ya 2005, ambayo Douglas Johnson alikuwa mjumbe wake, na baadaye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi ya The Hague katika uamuzi wake wa Julai 2009, zote zilipekua kumbukumbu za utawala wa kikoloni ukurasa kwa ukurasa. Upande wa mashariki upo mgogoro wa Pembetatu ya Ilemi, ambako mistari ya 1914 na 1938 bado inasubiri Nairobi na Juba zikubaliane.

Zamani mtu angeweza kujifariji kwamba nakala nyingine ziko Khartoum. Faraja hiyo imepungua. Mei 2023 Kituo cha Mohamed Omer Bashir katika Chuo Kikuu cha Omdurman Ahlia, kilichopewa jina la mwanahistoria aliyeandika kuhusu mgogoro wa Kusini, kiliteketea kwa moto pamoja na maktaba yake. Makumbusho ya Taifa ya Sudan, yaliyofunguliwa 1971, yalikutwa yameporwa jeshi liliporudi katikati ya Khartoum Machi 2025. Sehemu kubwa ya kinachosalia nje ya Sudan zote mbili iko Uingereza: Chuo Kikuu cha Durham kina hifadhi ya karatasi za maofisa wa Kiingereza wa Sudan iliyoanzishwa 1957, na Makumbusho ya Pitt Rivers ya Oxford yana vifaa vingi kutoka Kusini. Mtafiti mwenye viza anaweza kuvifikia. Mzee wa Kajo-Keji hawezi.

Barabara ya Arusha

Kwa nchi mwanachama wa Jumuiya ipo mahakama nyingine. Ibara ya 119 ya Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki inazitaka nchi wanachama kushirikiana kwa karibu katika utamaduni, na inataja waziwazi hifadhi na ulinzi wa urithi wa utamaduni, zikiwamo kumbukumbu za kihistoria na mambo ya kale. Aya hiyo haitajwi sana katika mikutano ya wakuu wa nchi, ambako ushuru na barabara hula muda wote. Ibara ya 30 nayo inampa mkaazi yeyote wa nchi mwanachama ruhusa ya kupeleka shauri Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kupinga sheria, uamuzi au kitendo cha nchi mwanachama kinachokiuka Mkataba. Hahitaji kuwa raia wa nchi anayoishtaki.

Sudan Kusini si mgeni Arusha. Mmoja wa majaji walioachishwa kazi 2017 alipeleka shauri huko, na mwaka 2020 mahakama ikakubaliana naye kwamba kuondolewa kwake kulikiuka Mkataba.

Lakini mfano unaofaa zaidi ni wa Serengeti. Asasi ya kutetea wanyama yenye makao Kenya iliishtaki Tanzania kwa mpango wa kujenga barabara ya lami kukatiza mbuga. Vifungu vya mazingira katika Mkataba vimeandikwa kwa lugha ileile ya kukubaliana na kushirikiana iliyo katika ibara ya 119, na ilikuwa rahisi kusema kwamba lugha hiyo haimfungi mtu. Juni 2014 mahakama ilisema inafunga, na ikaizuia Tanzania kujenga barabara ya aina hiyo ndani ya hifadhi. Kama vifungu vya mazingira vina meno, ni vigumu kueleza kwa nini kifungu cha urithi katika Mkataba uleule kiwe kibogoyo.

Kikwazo ni muda. Shauri chini ya ibara ya 30 lazima lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu uamuzi au kitendo kinacholalamikiwa, au tangu mlalamikaji alipokijua. Mwaka 2012, katika shauri lililoihusu Kenya, kitengo cha rufaa kilikataa hoja kwamba ukiukaji unaoendelea unasogeza mbele hesabu ya miezi miwili. Kwa majalada yanayooza polepole, uamuzi huo ni mzito. Paa haliporomoki kwa tarehe. Mchwa hawatoi tangazo katika gazeti la serikali. Wakili makini angelazimika kusubiri kitu chenye tarehe, kama vile bajeti iliyosainiwa bila fungu la nyaraka au barua ya kufukuza wapangaji kwenye nyumba ya hifadhi, kisha akimbie.

Na hata akishinda, mahakama ya Arusha ingetangaza kwamba nchi imekiuka Mkataba. Haiwezi kuingia Hazina ya Juba na kuandika hundi. Thamani ya hukumu ya namna hiyo ingekuwa kumpa waziri wa utamaduni silaha mbele ya mwenzake wa fedha, na kuwapa wafadhili sababu ya kudai mchango wa serikali kabla ya kutoa wao. Kwa Jumuiya ambayo Sudan Kusini imekuwa miongoni mwa wadaiwa wakubwa wa michango yake, kusisitiza ibara ya 119 kunaweza kuonekana kama anasa. Ila Uganda na Kenya, zenye mipaka isiyokwisha kubishaniwa na Juba, zina maslahi ya moja kwa moja katika usalama wa karatasi hizo. Wakaguzi wa mpaka wakikutana, upande usio na nyaraka hauna la kujibu isipokuwa askari wake.

Kinachosubiriwa sasa ni Katiba ya kudumu. Sheria ya Mchakato wa Kutunga Katiba ilipitishwa 2022, na Septemba 2024 kipindi cha mpito kiliongezwa hadi Februari 2027, uchaguzi ukisogezwa hadi Desemba 2026. Kazi ya kuandika rasimu imekwenda kwa kusuasua, na mvutano wa kisiasa wa mwaka 2025, pamoja na kukamatwa kwa Makamu wa Kwanza wa Rais Riek Machar mwezi Machi, umeifanya iwe ngumu zaidi. Watakaokaa mezani watagombania madaraka ya rais, jeshi na mafuta. Ibara ya urithi itafika mbele yao usiku, mwishoni mwa kikao, na swali litakuwa moja: ibaki kwenye sehemu ya malengo chini ya kivuli cha ibara kama ya 44, au ihamishiwe Hati ya Haki karibu na ibara ya kupata kumbukumbu. Kuihamisha hakugharimu senti. Wizara ya Utamaduni, Makumbusho na Urithi wa Taifa inaweza kuipeleka hoja hiyo yenyewe, na wakati huohuo ikapeleka bungeni muswada wa nyaraka wenye wajibu wa serikali ulioandikwa kwa maneno yasiyohitaji kutafsiriwa.

Mvua za Juba huanza karibu na Aprili na kuendelea hadi Oktoba au Novemba. Mwaka wa fedha unaanza katikati yake.